Kutoka Tanga Hadi Pemba kwa Dakika 20

Msikilizaji, kama una ramani karibu, hata ile ya kwenye atlasi ya mtoto wa shule, ifungue. Tafuta Tanga. Uwanja wa ndege wa Tanga uko nyuzi 5 na dakika 5 kusini mwa ikweta, nyuzi 39 na dakika 4 mashariki. Sasa vuka bahari kwa kidole mpaka Pemba, kwenye uwanja wa Karume, nje kidogo ya mji wa Chake Chake. Huo uko nyuzi 5 na dakika 15 kusini, nyuzi 39 na dakika 48 mashariki. Dakika hizi si za saa, ni za ramani, na mabaharia wanazipenda kwa sababu moja: ukishuka au ukipanda dakika moja ya latitudo umekwenda maili moja ya baharini, yaani mita 1,852. Na kwa kuwa sisi tuko jirani na ikweta, dakika za kwenda mashariki nazo zinakaribia kuwa hivyo hivyo. Basi Pemba iko maili 10 kusini kuliko Tanga, na maili 44 mashariki. Piga mstari ulionyooka, utapata maili 45 na kidogo. Hizo ni kilomita 84.

Kilomita 84 ni kama kutoka Tanga mjini kwenda Korogwe, na kabla Korogwe hujaiona umeshazimaliza. Mtu wa Ngamiani, pale Tanga, akisema anakwenda Korogwe, hakuna anayemuandalia dua. Atarudi jioni.

Hilo ndilo jibu la swali ninaloulizwa mara kwa mara na jamaa wa pande zote mbili, maana mimi baba yangu ni wa Tanga na mama yangu ni wa Pemba: kwa ndege ni mbali kiasi gani? Kilomita 84. Na ni muda gani? Dakika 20. Niliwajibu hivyo kwa miaka mingi, na kila mara nilipotaja namba hizo nilihisi kwamba nimesema kweli na bado sijawaambia lolote. Leo nataka niseme lililobaki.

Tuanze na hizo dakika 20, zinatoka wapi. Ndege zinazofanya njia za visiwani kwetu, nyingi ni Caravan, ile ndege ya Cessna ya injini moja, mabawa yako juu, magurudumu hayakunjwi, pangaboi liko puani. Inachukua abiria 12 au 13, na mmoja wao hukaa mbele kabisa, ubavuni mwa rubani. Mwendo wake wa kawaida ni maili 160 za baharini kwa saa, ambazo marubani huziita noti 160, karibu kilomita 300. Gawanya maili 45 kwa mwendo huo, unapata dakika 17. Ongeza ile ya kupanda, maana ndege ikipanda haina mbio, na ile ya kuzunguka kuitafuta njia ya kutua, ndipo dakika 20 zinapotimia. Ratiba ya kampuni huweka na zaidi kidogo, kwa kuwa ratiba haihesabu tangu magurudumu yaache ardhi. Inahesabu tangu kabari zinapoondolewa magurudumuni mpaka zinaporudishwa ng'ambo ya pili.

Njia ni fupi, lakini sheria za angani hazina ufupi. Rubani anayeruka kwa kutazama nje, bila kutegemea vyombo peke yake, akipita futi 3,000 ana ngazi zake za kushika: akielekea mashariki hushika futi 3,500 au 5,500, akielekea magharibi hushika 4,500. Anayekwenda Pemba na anayerudi Tanga hawakutani uso kwa uso. Mafuta nayo yana kanuni yake. Ndege ya injini ya turbini hutakiwa ifike ikiwa bado na akiba ya kuiweka angani nusu saa. Nusu saa, kwa njia hii, inakaribia kwenda Pemba na kurudi. Kwa maneno mengine, mafuta ya tahadhari ni mengi kuliko mafuta ya safari yenyewe. Nilipoelezwa hilo mara ya kwanza nilifarijika sana, kwa sababu mimi ni mtu wa kutazama bahari dirishani na kuwaza.

Upepo je? Wazee wetu waliipima bahari hii kwa upepo. Kaskazi inatoka kaskazini mashariki, tangu Desemba mpaka Machi. Kusi inatoka kusini na kusini mashariki, inashika Aprili au Mei na kuendelea mpaka Septemba. Anayetoka Unguja kwenda Pemba, kusi inamsukuma na kaskazi inamkabili, kama ilivyokuwa kwa majahazi. Lakini anayetoka Tanga kwenda Pemba anaelekea mashariki, na pua yake imeinama kusini kidogo. Basi kusi inampiga shavu la kulia, kaskazi inampiga shavu la kushoto, na misimu yote miwili inamzuia kwenda na inamsaidia kurudi. Ni kama kwamba upepo wa mwambao unataka Wapemba wote wahamie Tanga. Kwa mashua, jambo hilo ni siku nzima ya kuhangaika na tanga. Kwa Caravan, upepo wa noti 20 wa usoni unaifanya safari iwe dakika 19 badala ya 17, na ukiwa wa mgongoni ziwe 15. Dakika nne, basi. Unywe kahawa kikombe kimoja.

Nawaomba mzishike hizo dakika nne, kwa sababu nataka kuwasimulia siku ambayo dakika hazikuwa na maana yoyote.

Ilikuwa masika. Simu iliita baada ya sala ya alfajiri. Mama yangu mdogo, mdogo wake mama, aliyenilea miaka mitatu kule Chake Chake nilipokuwa mdogo, alikuwa amefariki usiku. Watamzika baada ya alasiri. Kwetu maiti hawekwi. Nilikuwa na saa tisa mbele yangu na safari ya dakika 20, na nilimwambia binamu yangu kwenye simu, nakuja, msiniache. Nilikata tiketi kwa simu, nikatoka nyumbani barabara ya kumi na mbili kwa bodaboda, nikafika uwanjani mapema kuliko wafanyakazi wenyewe.

Uwanja wa Tanga wakati huo wa asubuhi ni pahali patulivu sana. Jengo dogo, viti vichache, mizani ya mizigo, na nje nyasi zilizolowa mvua. Abiria tulikuwa watatu: mimi, mama mmoja na binti yake. Ndege ilikuwa inatoka Dar es Salaam, inapita Unguja, inapita Pemba, ndipo ije Tanga itugeuzie njia hiyo hiyo. Saa nne ikapita. Saa nne na nusu ikapita. Mvua haikuwapo, mbingu zilikuwa zimefunguka. Kijana wa kampuni akatoka ofisini na simu mkononi, akanijia mimi kwanza, nadhani kwa sababu ya mvi. Akasema, "Mzee wangu, nisamehe. Ndege imegeuzia Pemba. Abiria wa huku ni wachache, wameamua irudi Unguja."

Nilimuuliza iko wapi sasa hivi. Akasema ndiyo kwanza inawasha injini, Pemba.

Nilisimama pale nikatazama mashariki. Ndege niliyoikatia tiketi ilikuwa kilomita 84 kutoka nilipo, katika uwanja ambao nikishuka ningefika msibani kwa miguu kama ingebidi, na ilikuwa inawasha injini ili iondoke kwenda upande mwingine. Yule kijana hakuwa na kosa. Alinipa maji. Alinirudishia nauli yangu bila kunizungusha, na nikaona kwamba anaona haya.

Basi nikaanza safari ya kwenda Pemba kwa njia iliyobaki. Basi la saa tano, Muheza, Segera, Chalinze, Dar es Salaam, kilomita 350 hivi za barabara. Alasiri ilinikuta njiani. Binamu yangu alinipigia wakati wanatoka msikitini, akaiweka simu yake hewani nisikie watu wanavyoitikia, na mimi niko kwenye basi, kiti cha dirishani, mikono nimeikunjua kwenye magoti. Nililala Kariakoo kwa jamaa. Asubuhi yake nikapanda ndege kwenda Unguja, kilomita 73 hivi, nikangoja nyingine ya kwenda Pemba, kilomita 125. Nilitua Chake Chake yapata saa nne, siku ya pili. Jumlisha: 350, na 73, na 125. Kilomita 548 kwa safari ya kilomita 84, na siku nzima kwa dakika 20. Kaburi lilikuwa limeshawekwa makuti.

Sijaisimulia habari hii ili nimlaumu mtu. Nimeisimulia kwa sababu tangu siku ile nimeacha kuwajibu watu kwa kilomita. Mtu akiniuliza Pemba ni mbali kiasi gani kutoka Tanga, namuuliza kwanza: ndege inakwenda mara ngapi kwa wiki, na inakwenda kweli?

Tazameni tena ramani yenu, kuna jambo la ajabu humo. Uwanja wa Unguja, ule wa Abeid Amani Karume, uko nyuzi 6 na dakika 13 kusini. Ukipima kutoka huko mpaka Pemba unapata kilomita 125. Ukipima kutoka huko mpaka Tanga unapata kilomita 127. Karibu sawasawa. Tanga na Pemba zimekaa juu kama ncha mbili za pembetatu, jirani kwa jirani, na Unguja iko chini, mbali na zote mbili kwa kiasi kile kile. Ndege ikiruka upande mfupi wa pembetatu hiyo, umevuka. Ikiukata upande huo, abiria wa Tanga anaambiwa ashuke mpaka chini na kupanda tena, kilomita 252, mara tatu ya njia yake, na hapo ni kama ndege ya Tanga kwenda Unguja ipo siku hiyo. Mara nyingi siku upande mfupi unapokatwa ndiyo siku hiyo hiyo upande mrefu haupo, maana ndege ni ile ile moja.

Kwa nini unakatwa? Nimewauliza watu wa kazi hiyo, na majibu yao ni ya haki, naomba niyaeleze vizuri. Safari fupi ni ghali kuliko inavyoonekana. Injini ya ndege huhesabiwa saa ilizofanya kazi, lakini vipande vyake vingine huhesabiwa pia mara ngapi imewashwa, ikapanda kwa nguvu zake zote, ikashuka. Anayeruka saa nzima amefanya mzunguko mmoja. Anayekwenda Pemba na kurudi Tanga mara moja na nusu, kwa saa hiyo hiyo, amefanya mitatu. Matairi na breki vivyo hivyo. Ada za kutua na za huduma hazikuulizi umetoka karibu au mbali. Halafu kuna uzito: kampuni nyingi zinamruhusu abiria kilo 15 tu, mfuko laini, na wakati mwingine na wewe mwenyewe unapandishwa kwenye mizani pamoja na mfuko wako. Ndege ya viti 12 haiwezi kuficha viti vitupu. Wakiwa abiria watatu, mwenye ndege anaona kwa macho yake tisa waliokosekana. Mimi ningekuwa na ndege, na mkopo wa benki juu yake, sijui ningefanya nini.

Lakini hesabu hiyo ina shimo ndani yake. Abiria wa Tanga ni wachache kwa sababu ndege haiaminiki, na ndege haiaminiki kwa sababu abiria wa Tanga ni wachache. Yule mama aliyekuwa na binti yake siku ile, niliwaona wakitafuta bajaji ya kurudi mjini. Aliniambia hatapanda tena ndege, atakwenda kwa chombo cha baharini, hata ikiwa ni kungoja. Siku hiyo kampuni iliokoa mafuta ya dakika 40, na ikapoteza watu wawili ambao wangeweza kusafiri nayo miaka 20.

Na chombo cha baharini si neno jepesi kwetu. Ule mlango wa bahari kati ya Tanga na Pemba una kina cha zaidi ya mita 700. Pemba haikumegwa na bara juzi, imetengana nalo kwa kina kirefu na mkondo wenye nguvu, na upande wa Tanga ndiko wavuvi walikotoa kwenye nyavu zao yule samaki wa kale anayeitwa silikanti, anayekaa kwenye giza la chini. Kusi ikichafuka, mkondo ule haumbembelezi mtu. Meli na boti zinavuka, na wengi wetu tunazipanda kwa sababu nauli ya ndege ni mara kadhaa ya ile ya boti. Lakini hakuna nyumba Pemba ambayo haiukumbuki usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya Spice Islander ilipozama ikitoka Unguja kwenda Pemba na mamia ya watu wakafia baharini. Tangu hapo kuna wazee ambao watauza ng'ombe ili mjukuu apande ndege. Sikubali mtu aniambie ndege ya Pemba ni anasa.

Nasikia mara nyingi kwamba suluhisho ni ndege za kisasa, za kasi. Naomba niwapeleke nyuma kidogo. Usafiri wa ndege mwambao huu si mpya. Kampuni ya Wilson Airways, iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, ilikuwa ikitua Tanga na Unguja katika miaka ya 1930. Tarehe 1 Januari 1946 likaja shirika la East African Airways, likaanza na ndege sita za Dragon Rapide: mabawa mawili juu na chini, mwili wa mbao uliovikwa kitambaa. Rapide ilikwenda kama kilomita 210 kwa saa. Ukiielekeza Pemba kutoka Tanga, itachukua dakika 24. Caravan ya leo, yenye turbini na setilaiti za kuonesha njia, inachukua 17 kwa mwendo wake. Basi katika muda wa zaidi ya miaka 75 tumeongeza kasi kwa dakika saba. Hata mkileta ndege kubwa ya jeti, haitapata nafasi ya kufikia mwendo wake, itakuwa imeanza kushuka kabla haijamaliza kupanda. Kwenye njia fupi, kasi imeshatoa yote iliyokuwa nayo. Shirika lile lilivunjika mwaka 1977, Tanzania ikaanzisha lake, na tangu miaka ya 1990 njia za visiwani zimeshikwa zaidi na kampuni binafsi zenye ndege ndogo. Zimefanya kazi kubwa, na bila hizo sisi tungekuwa tumeshasahau sauti ya ndege Tanga. Ila kampuni binafsi huruka penye faida, na haki yake.

Lakini wapo wanaohesabu kwa namna nyingine. Kaskazini ya Uskoti, katika visiwa vya Orkney, kuna safari ya ndege ambayo ndiyo fupi kuliko zote za ratiba duniani. Inatoka kisiwa cha Westray kwenda Papa Westray, kilomita 2.7. Ratiba inaipa dakika mbili. Imewahi kufanyika kwa sekunde 53, upepo ulipokuwa mgongoni. Ni ndege ndogo ya Islander, ya injini mbili, na kampuni ya Loganair imekuwa ikiiruka njia hiyo tangu mwaka 1967. Watalii huipanda ili wapewe cheti, na magazeti huiandika kama kichekesho. Mimi siicheki. Papa Westray ni kisiwa cha watu karibu mia moja tu, na ndege ile inabeba walimu wanaozunguka visiwani, inabeba wagonjwa, inabeba watu wanaokwenda kuonana na daktari. Wangeihesabu kwa viti wangeshaifuta kabla sijazaliwa. Wanaihesabu kama sisi tunavyohesabu kivuko au daraja, na halmashauri ya visiwa vile inatoa fedha ili iendelee kuruka. Hakuna anayesimama kwenye daraja akasema leo wamevuka watatu tu, tulifunge.

Hilo ndilo ninaloliomba, na naliomba hadharani. Njia ya Tanga na Pemba iwekwe kwenye daftari la huduma za umma. Uwanja wa Tanga uko chini ya mamlaka ya viwanja ya bara, uwanja wa Pemba uko chini ya mamlaka ya Zanzibar, na usalama wa anga wa kote unasimamiwa na mamlaka moja ya Muungano. Wenye viwanja viwili wakikaa meza moja na kampuni moja, wakakubaliana siku tatu kwa wiki, ndege inaruka hata akiwapo abiria mmoja, na pengo la viti linajazwa kwa kupunguza ada za kutua, gharama yake haiwezi kuishinda serikali. Siku tatu tu, lakini siku tatu zisizovunjwa. Mtu wa Wete, kule Pemba, ajue kwamba Jumatano ndege ipo, kama anavyojua kwamba Jumatano soko lipo. Nawaambieni, watu wa pande hizi wana sababu za kuvuka: ndoa zimevuka, biashara zimevuka, lugha imevuka, ukikaa barazani Tanga utasikia Kipemba kabla hujaambiwa nani ni nani. Wapemba hujuana kwa vilemba, na vilemba Tanga havikosekani. Viti 12 vitajaa, lakini vitajaa baada ya watu kuamini.

Kuna atakayesema fedha hizo ziende kwenye boti nzuri zaidi. Namuunga mkono, boti nzuri inahitajika, na inabeba watu mamia na magunia yao. Lakini boti na ndege hazifanyi kazi moja. Boti ni ya anayehama na mzigo, ya mwanafunzi anayerudi likizo, ya mfanyabiashara. Ndege ni ya siku ile simu inapoita alfajiri.

Nilirudi Pemba kwa arobaini ya mama mdogo. Nilikata tiketi ile ile, njia ile ile, na safari hii ndege ilikuja. Niliiona ikitokea upande wa baharini, ndogo kama nzi, kisha sauti, kisha ikawa ndege. Tulikuwa abiria saba. Kijana yule yule alinipima mfuko wangu, kilo 11, akaniuliza kwa upole habari za msiba. Rubani aligeuka kwenye kiti chake, akatuambia mikanda, akatuambia mlango wa dharura uko wapi, akasema dakika 20. Niliangalia saa yangu: saa nne na dakika kumi.

Tukapita juu ya mji. Niliziona paa za Ngamiani na zile barabara zake zenye namba, zimenyooka kama mistari ya daftari, kisha bandari, kisha Ras Kazone na miti yake, kisha kisiwa cha Yambe kikabaki kulia. Rangi ya maji ikabadilika mara moja: kijani, samawati, halafu ile buluu nzito inayokaribia weusi, na hapo nikajua tuko juu ya mkondo. Chini kulikuwa na mashua moja, tanga lake limejaa, inakwenda upande wetu. Nilihesabu muda ambao ilichukua kutoka dirisha langu mpaka dirisha la nyuma yangu. Haikufika nusu dakika. Wao watafika kesho, nikawaza, au usiku sana.

Kisha upande wa kulia ikaonekana Misali, na mchanga wake mweupe, kile kisiwa ambacho wazee wanasema Nabii Khidhri alipokosa msala alikifanya chenyewe kuwa msala wake. Mama mdogo alinisimulia hilo nikiwa na miaka sita. Injini ikapunguza sauti. Ghuba ya Chake Chake ikaingia chini yetu, mikoko, halafu vilima, na minazi, na mikarafuu iliyosimama kwa rangi yake ya kijani kizito. Magurudumu yaligusa ardhi saa nne na dakika 29.

Mlango ulipofunguliwa, harufu ikaingia. Ulikuwa msimu, na mtu yeyote aliyewahi kufika Pemba wakati karafuu zimeanikwa kwenye majamvi kando ya barabara anaijua harufu hiyo bila mimi kuieleza.

Binamu yangu alikuwa amesimama nje ya geti, amevaa kanzu. Tulikumbatiana. Akaniuliza niliondoka Tanga saa ngapi. Nikamwambia saa nne na dakika kumi. Akaitazama saa yake, ilikuwa saa tano kasorobo. Akainua macho kunitazama, na nikajua anapiga hesabu ile ile ambayo mimi nimeipiga kwa siku arobaini. Hakusema kitu. Alichukua mfuko wangu, tukapanda gari, tukaenda makaburini kwanza.